Kingamwili za Mhudumu wa Afya Baada ya Maambukizi ya Virusi

Chukua penseli kabla hujaendelea kusoma, kwa sababu mada hii huulizwa kwa grafu na haieleweki vizuri kwa kukariri. Tuanze na swali lenyewe.

Muuguzi A anafanya kazi katika wodi ya wagonjwa wa mfumo wa upumuaji. Aliambukizwa virusi vya UVIKO-19 na kipimo kikathibitisha. Damu yake ilichukuliwa mara tano kupima kingamwili dhidi ya virusi hivyo. Siku ya 3 baada ya maambukizi kuthibitishwa, kiwango kilikuwa uniti 2. Siku ya 24 kilikuwa 160, siku ya 109 kilikuwa 80, siku ya 194 kilikuwa 40, na siku ya 279 kilikuwa 20. Kipimo kilichotumika husoma "ana kingamwili" ikiwa kiwango ni uniti 30 au zaidi. Chini ya hapo husoma "hana".

(a) Chora grafu ya matokeo haya na ueleze mabadiliko unayoyaona.
(b) Baada ya kipimo cha tano, Muuguzi A anasema: "Kinga yangu imekwisha. Sasa niko sawa na mtu ambaye hajawahi kuugua." Je, yuko sahihi? Toa sababu.

Sehemu (a) watahiniwa wengi huipata. Sehemu (b) ndiyo inayowanyang'anya alama, na mara nyingi wanaoikosa ni wale waliochora grafu nzuri kuliko wote. Wanaona mstari unashuka, wanaandika "ndiyo, kinga imekwisha", wanageuza ukurasa. Nimesahihisha majibu ya namna hiyo mengi mno. Kwa hiyo tutapitia mstari huo hatua kwa hatua, na kila unapopanda au kushuka tujiulize: ni seli gani inayofanya kazi hapa?

Chora basi. Mhimili mlalo ni siku, mhimili wima ni uniti za kingamwili. Usiruke nafasi kati ya siku ya 24 na ya 109 kana kwamba ni hatua moja sawa na ile ya 3 hadi 24. Skeli iwe sawa kote. Ukichora vizuri utapata mlima usio na ulinganifu: upande wa kushoto umesimama kama ukuta, upande wa kulia unateremka polepole, na kadiri unavyoenda mbele ndivyo mteremko unavyolala.

Kwanza, siku za mwanzo ambazo kiwango kiko karibu na sifuri. Virusi tayari vimo mwilini, vinazaliana ndani ya seli za njia ya hewa, na muuguzi pengine ana homa. Kwa nini kingamwili bado? Kwa sababu kingamwili ni protini inayotengenezwa kwa ajili ya antijeni maalumu, na mwili unahitaji muda kumpata fundi wake. Antijeni ni sehemu ya kirusi ambayo mwili unaitambua kuwa ngeni. Katika damu, wengu na tezi za limfu zimo limfosaiti B za aina nyingi sana, na kila moja ina kipokezi cha umbo lake. Chache tu kati yake ndizo zenye kipokezi kinachooana na antijeni ya kirusi hiki. Hizo chache zikikutana nacho, zikapata msaada wa limfosaiti T, huanza kugawanyika: moja inakuwa mbili, mbili nne, nne nane. Siku kadhaa hupita kabla jeshi hilo halijawa kubwa. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa mgonjwa kabisa huku kipimo cha kingamwili kikisema "hana", na ndiyo maana hospitali haitumii kipimo cha kingamwili kugundua maambukizi mapya. Hutafuta kirusi chenyewe, kwa mfano kwa kipimo cha PCR.

Kisha mstari unapanda ghafla. Sehemu kubwa ya limfosaiti B zilizogawanyika zimegeuka kuwa seli za plazma, ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili na kuzimwaga katika damu. Seli moja ya plazma inaweza kutoa kingamwili zipatazo 2,000 kwa sekunde. Zinazotangulia kwa kawaida ni za aina ya IgM, kubwa, zenye sehemu kumi za kushikia antijeni. Zinafuatwa na IgG, ndogo zaidi, zenye umbo la herufi Y na sehemu mbili za kushikia, lakini zinazoshika kwa nguvu zaidi na kudumu muda mrefu zaidi. Vipimo vingi vinavyofanywa miezi kadhaa baada ya ugonjwa hupima IgG. Ukiulizwa kutofautisha hizi mbili, andika mfuatano (IgM kwanza, IgG baadaye) na muda wa kudumu. Hayo mawili yanatosha kwa kiwango chako.

Namba za Muuguzi A nimezipanga mimi ili hesabu iwe rahisi, lakini umbo la mstari wake limetoka kwenye damu za watu halisi. Mwaka 2020, hospitali za Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, ziliwapima wafanyakazi wake kwa kurudia, wawe na dalili au wasiwe nazo. Kiwango cha IgG dhidi ya protini ya ndani ya kirusi cha UVIKO-19, ile inayofunika chembe ya urithi, kilifikia kilele siku ya 24 hivi baada ya kipimo cha PCR kuthibitisha maambukizi. Baada ya hapo kilishuka, na kwa wastani kilipungua kwa nusu kila baada ya siku 85.

Pengine unajiuliza kwa nini wahudumu wa afya na si wakulima au madereva. Sababu ni za kazi yenyewe. Wauguzi, madaktari, wafanyakazi wa maabara na wafanya usafi wa hospitali wanakutana na virusi mara nyingi kuliko watu wengi, kwa hiyo wanaoambukizwa ni wengi wa kutosha kuchunguzwa. Wako mahali pamoja, hivyo damu yao inaweza kuchukuliwa leo, mwezi ujao na mwezi unaofuata. Na tarehe ya maambukizi yao mara nyingi inajulikana, maana hupimwa mapema. Bila tarehe ya kuanzia, huwezi kuandika chochote kwenye mhimili mlalo.

Sasa tufike kwenye mteremko. Kwa nini kiwango kinashuka?

Jibu la haraka ambalo watahiniwa huandika ni "kwa sababu mwili umesahau". Hilo ni kosa, na ni kinyume cha kinachotokea. Kumbuka kwamba kingamwili ni protini, na protini za damu haziishi milele. IgG iliyomo katika damu yako leo, nusu yake itakuwa imevunjwa baada ya wiki tatu hivi. Kiwango unachokiona kwenye grafu ni kama maji katika pipa lililotoboka: kinategemea yanayoingia na yanayotoka. Wakati wa kilele, seli za plazma ni nyingi na zinamimina. Kirusi kikiisha mwilini, nyingi kati ya seli hizo hazina kazi tena na hufa ndani ya siku au wiki chache. Kinachoingia kinapungua, kinachotoka kinaendelea, kiwango kinashuka. Hiyo ni akiba ya mwili: kutengeneza protini kunahitaji asidi za amino na nishati, na hakuna faida ya kuendelea kumwaga silaha mahali ambapo adui ameondoka.

Lakini angalia tena. Kama IgG hupungua kwa nusu kila wiki tatu, kwa nini ile ya wafanyakazi wa Oxford ilichukua siku 85 kupungua kwa nusu? Kwa sababu pipa bado linajazwa. Baadhi ya seli za plazma hazifi. Huhamia kwenye uboho wa mifupa na kukaa humo kwa miezi, hata miaka, zikitoa kingamwili kidogokidogo. Ndizo zinazofanya mteremko ulale badala ya kuporomoka.

Ukitaka kuona mteremko usio na msaada huo, mwangalie mtoto mchanga. Mama akiwa na kingamwili za surua, IgG hupita kwenye kondo la nyuma na kumkinga mtoto. Mtoto amepewa kingamwili, hakupewa seli za plazma za kuzitengeneza. Hakuna kinachoingia, kuna kinachotoka tu. Ndani ya miezi michache ulinzi huo umeyeyuka, na hiyo ni sababu mojawapo ya chanjo ya kwanza ya surua kutolewa mtoto afikapo miezi 9, hapa Afrika Mashariki. Chanjo ikitolewa mapema mno, kingamwili za mama zilizobaki zinaweza kuizuia isifanye kazi vizuri. Ikichelewa mno, mtoto anabaki wazi. Ukiulizwa tofauti ya kinga tendaji na kinga pokezi, mlinganishe Muuguzi A na mtoto huyu na utakuwa umejibu.

Fanya hesabu ndogo. Kilele cha Muuguzi A ni 160 siku ya 24. Ongeza siku 85: siku ya 109, uniti 80. Ongeza 85 tena: siku ya 194, uniti 40. Tena: siku ya 279, uniti 20. Je, ni wakati gani kipimo kiliacha kusoma "ana" na kuanza kusoma "hana"? Piga mstari wa mlalo kwenye uniti 30 uone unakata mstari wako wapi: mahali fulani baada ya siku ya 194 na kabla ya siku ya 279. Siku moja kabla ya hapo alikuwa "ana", siku moja baada ya hapo "hana". Je, kuna kitu kikubwa kilichotokea mwilini mwake usiku ule? Hakuna. Kikomo cha uniti 30 kimewekwa na watengenezaji wa kipimo, hakikuwekwa na mwili wa muuguzi. "Hana" hapa maana yake ni "kiwango kiko chini ya kikomo cha kipimo". Bado ana uniti 20. Andika sentensi hiyo na umepata alama ya kwanza ya sehemu (b).

Jambo hili lina uzito nje ya chumba cha mtihani. Nchini Kenya, katika nusu ya pili ya mwaka 2020, watafiti walipima kingamwili za wahudumu wa afya 684 katika hospitali za Nairobi, Busia na Kilifi. Walioonekana kuwa nazo walikuwa asilimia 43.8 Nairobi, 12.6 Busia na 11.5 Kilifi. Ukipewa takwimu kama hizi, kumbuka mteremko: mtu aliyeambukizwa miezi mingi kabla ya kupimwa anaweza kuwa ameshuka chini ya kikomo na kuhesabiwa kama hajaambukizwa. Utafiti wa namna hii ukifanywa kwa kuchelewa, idadi inayopatikana huwa ndogo kuliko idadi ya kweli.

Alama ya pili ya sehemu (b) iko kwenye uchaguzi wa antijeni. Kirusi kimoja kina protini kadhaa, na mwili hutengeneza kingamwili tofauti kwa kila moja. Wale wafanyakazi wa Oxford walipopimwa kingamwili dhidi ya protini ya mwiba, ile inayochomoza nje na kukiwezesha kirusi kushika seli, picha ilikuwa tofauti: zilishuka taratibu zaidi, na baada ya siku 180 zaidi ya asilimia 90 yao walikuwa bado wanazo. Damu ileile, mtu yuleyule, majibu mawili. Kwa hiyo swali likisema "kingamwili zimeisha", nawe uliza: kingamwili dhidi ya nini?

Alama ya tatu ndiyo kubwa zaidi: seli za kumbukumbu. Limfosaiti B zilizogawanyika wakati wa ugonjwa hazikugeuka zote kuwa seli za plazma. Baadhi zilibaki kama seli za kumbukumbu. Hizi hazimwagi kingamwili, kwa hiyo hazionekani kabisa kwenye grafu yako. Zinasubiri. Kirusi kilekile kikirudi, hakuna tena kazi ya kumtafuta fundi mmoja kati ya mamilioni, kwani mafundi ni wengi na wamekwisha kujifunza. Kingamwili hupanda mapema zaidi, kwa kasi zaidi na kufika juu zaidi kuliko mara ya kwanza. Hilo ndilo itikio la pili. Zipo pia limfosaiti T za kumbukumbu, ambazo baadhi yake huua seli zilizoingiliwa na virusi, na hizo hazipimwi kwa kipimo cha kingamwili hata kidogo.

Kumbukumbu hii inaweza kukaa muda gani? Kwa baadhi ya virusi, maisha yote. Mwaka 1846 surua iliingia katika Visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Bahari ya Atlantiki, mahali ambapo haikuwa imeonekana tangu mwaka 1781. Kati ya wakazi wapatao 7,800, zaidi ya 6,000 waliugua. Daktari kijana kutoka Denmark, Peter Panum, alitumwa huko, akagundua kwamba wazee waliougua surua mwaka 1781, miaka 65 nyuma, hawakuugua tena. Panum hakuwa na kipimo cha kingamwili. Alihesabu tu nani ameugua na nani hakuugua. Napenda kuwapa wanafunzi mfano huu kwa sababu unaonyesha kwamba kinga hupimwa kwa kuangalia nani anaugua, si kwa namba ya maabara peke yake.

Hesabu ya namna hiyo ilifanywa Oxford pia. Wafanyakazi 12,541 walifuatiliwa kwa miezi kadhaa. Kati ya wale ambao hawakuwa na kingamwili dhidi ya protini ya mwiba, 223 walikutwa na virusi baadaye. Kati ya wale waliokuwa nazo, walikutwa 2 tu, na wote wawili hawakuwa na dalili. Usikimbilie kulinganisha 223 na 2 moja kwa moja, maana kundi la kwanza lilikuwa kubwa zaidi na lilifuatiliwa kwa muda mrefu zaidi. Linganisha kwa siku: kwa kila siku 10,000 za ufuatiliaji, maambukizi 1.09 katika kundi lisilo na kingamwili na 0.13 katika kundi lenye nazo. Gawanya 1.09 kwa 0.13 upate takriban 8. Mtahini anapenda mwanafunzi anayelinganisha viwango, si idadi ghafi.

Je, Muuguzi A avue barakoa basi? Hapana, na hapa ndipo baadhi ya watahiniwa wazuri huvuka mpaka upande wa pili. Wakishajua habari za seli za kumbukumbu huandika "hawezi kuambukizwa tena". Anaweza. Seli za kumbukumbu zinahitaji siku chache kuamka, na katika siku hizo kirusi kinaweza kuzaliana puani na kooni kiasi cha kumwambukiza mgonjwa aliyelala kitanda cha jirani, hata kama muuguzi mwenyewe anapata mafua mepesi tu. Kingamwili zilizopo tayari katika damu na kwenye utando wa njia ya hewa ndizo zinazokizuia kirusi mlangoni. Zikipungua, mlango una walinzi wachache. Tena kirusi chenyewe kinaweza kubadilika. Mwishoni mwa mwaka 2021 ilitambuliwa kusini mwa Afrika aina ya kirusi cha UVIKO-19 iitwayo Omicron, yenye mabadiliko zaidi ya 30 katika protini ya mwiba. Kingamwili nyingi za zamani hazikuoana nayo vizuri, na watu wengi waliokwisha kuugua waliambukizwa upya, ingawa ugonjwa mkali kwao ulikuwa nadra kuliko kwa wasio na kinga yoyote. Surua haijabadilika kwa namna hiyo, na ndiyo maana wazee wa Faroe walisalimika.

Sasa jibu la sehemu (b) linaweza kuandikwa kwa mistari michache:

"Muuguzi A hayuko sahihi. Kipimo kinaonyesha kwamba kiwango cha kingamwili kiko chini ya uniti 30, si kwamba hakuna kingamwili. Bado ana uniti 20. Kiwango kimeshuka kwa sababu seli nyingi za plazma zimekufa baada ya virusi kuondoka na kingamwili zilizokuwapo zinavunjwa. Seli za kumbukumbu zimebaki, hivyo akiambukizwa tena atatoa kingamwili nyingi kwa haraka kuliko mtu ambaye hajawahi kuugua. Hata hivyo anaweza kuambukizwa tena na kuwaambukiza wengine, hasa kirusi kikiwa kimebadilika, kwa hiyo aendelee kujikinga."

Ukiwa na dakika mbili zimebaki, rudi kwenye grafu yako. Weka alama siku ya 300, mfanye Muuguzi A akutane na kirusi kilekile tena, na uendeleze mstari kwa penseli. Uanze kupanda lini ukilinganisha na mara ya kwanza? Ufike wapi ukilinganisha na 160?

Kisha jaribu hili bila kuangalia nyuma. Muuguzi B alipata dozi zote tatu za chanjo ya homa ya ini aina B alipoanza kazi. Miaka 15 baadaye kipimo kinasema kingamwili zake ziko chini ya kikomo. Anapewa dozi moja ya nyongeza, na baada ya wiki mbili kiwango chake kimepanda kupita kilele cha awali. (i) Taja seli zilizosababisha kupanda huko. (ii) Eleza kwa nini mtu ambaye hajawahi kuchanjwa, akipewa dozi moja hiyohiyo, hatafika kiwango hicho katika wiki mbili. (iii) Muuguzi B angechomwa sindano yenye damu ya mgonjwa siku moja kabla ya dozi hiyo ya nyongeza, je, angekuwa sawa na mtu ambaye hajachanjwa? Alama 8.